Unaishi na ugonjwa wa ngozi usioisha? Leo tuongelee moyo, dawa tuziache pembeni kidogo

mkono_wazi (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Naomba niseme mapema kabisa huu uzi sio wa dawa, maana najua ukitaja ngozi tu kila mtu anakuja na mafuta yake, majani yake na shangazi yake aliyepona kwa wiki mbili. Dawa zina nafasi yake na mimi natumia za daktari mpaka leo. Ninachotaka tuongelee ni ile sehemu ambayo watu wanaimeza kimyakimya, yaani unaishije na ngozi ambayo haitulii, na unampata wapi mtu wa kukushika mkono wakati mwili wako wenyewe umekuchosha.

Mimi nina soriasisi tangu niko sekondari, sasa hivi nina watoto. Kichwani, viwiko, magoti, kiunoni kwa nyuma, alafu kucha zimejaa vishimo vidogo vidogo kama zimechomwa na sindano. Kwa wasioijua: kinga ya mwili inakosea, inaichochea ngozi itengeneze seli mpya kwa siku chache tu badala ya karibu mwezi mzima kama kawaida, zile za zamani hazijapata muda wa kudondoka zenyewe basi zinarundikana juu zinakuwa magamba. Kwa mtu mweusi yale mabaka mara nyingi sio mekundu kama ya kwenye picha za vitabuni, yanakuwa ya zambarau au kijivu au kahawia iliyokolea, ndio maana wengi tunaambiwa ni fangasi miaka na miaka. Haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kunishika mkono, kukalia kiti changu wala kutumia taulo langu. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yao ya 2016 wanasema tuko walau watu milioni 100 duniani, kwahiyo hata kama mtaani kwako unajiona uko peke yako, hauko peke yako kabisa.

Sasa nije kwenye point yangu. Nimekaa na huu ugonjwa muda mrefu na kitu kimoja nimekiona wazi: watu wanaotupenda wengi wanashindwa kutusaidia kwasababu hatujawaambia kazi yao ni ipi. Mtu anakuona umeinamisha kichwa, roho inamuuma, hajui afanye nini, basi anakimbilia kwenye dawa. "Umejaribu ile sabuni?" "Umeacha vile vyakula?" Au lile swali ambalo mimi linanimaliza kuliko yote, "bado tu hujapona?" Hana nia mbaya hata kidogo, ila mimi nikilisikia najiona kama mwanafunzi aliyefeli mtihani na watu wamekuja kuangalia matokeo. Ugonjwa sugu hauendi hivyo, unatulia, unarudi, unatulia tena, kwahiyo mtu anayesubiri upone ndio afurahi na wewe atasubiri sana.

Nilichofanya mimi ni kugawa kazi. Mdogo wangu wa kike ndio msikilizaji, nikimpigia namwambia kabisa "leo sitaki ushauri, nataka uniitikie tu", na anaitikia kweli. Mume wangu ndio mpakaji, maana mgongoni sifiki. Anaanza kwa kuyapasha yale mafuta mazito kwenye viganja vyake mpaka yalainike, alafu anapaka kuanzia juu kushuka chini taratibu, na akifika palipopasuka anasimamisha mkono na kuuliza "hapa pauma?" kabla ya kuendelea. Hicho kimkono kusimama hapo kimenifanyia makubwa kuliko maneno mengi niliyowahi kuambiwa. Rafiki yangu mmoja wa kazini ndio wa kwenda nae kliniki, anakaa pembeni anaandika daktari alichosema kwasababu mimi nikiwa na wasiwasi sisikii nusu ya maneno. Na kuna mtu wa nne ambae ana ugonjwa kama wangu, huyo simwelezei chochote, anaelewa kabla sijamaliza sentensi.

Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kufanya kazi ya mwenzie, na tangu niache kutegemea mtu mmoja abebe vyote hata ndoa yangu imepumua. Nyie wenzangu mnafanyaje? Nani wako, na mlimwambiaje?

Bintijua

Asante sana dada kwa huu uzi. Mimi nina mbalanga, ile ya mabaka meupe, wataalamu wanaita vitiligo. Kinga ya mwili inazishambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Usoni kuzunguka macho na mdomo, mikono yote, miguu. Haiumi, kwa wengi wetu wala haiwashi, na hapo ndio shida yangu ya msaada inapoanzia. Nikilalamika naambiwa "si bora wewe hauumwi, kuna watu wana kansa." Yaani huzuni yangu inabidi iombe kibali kwanza.

Kitu kingine nitasema na wengine watashangaa. Kila mtu akitaka kunitia moyo ananitajia Winnie Harlow, yule mwanamitindo wa Kanada. Nampenda, na kuna siku kweli picha zake zilinisaidia. Ila sio kila mwenye mabaka anataka kuwa mwanamitindo, kuna siku mimi nataka tu kupanda basi bila kuangaliwa. Ukimwambia mtu "jiamini kama fulani" unamwongezea kazi juu ya kazi. Hata Michael Jackson, mtu aliyezoea macho ya dunia nzima, ilifika 1993 ndio akasema hadharani kwamba ana huo ugonjwa, na bado watu hawakumwamini mpaka alipofariki uchunguzi wa mwili ukathibitisha. Kama yeye ilimchukua muda wote huo, mimi niacheni niende na mwendo wangu.

Aliyenisaidia mimi ni bibi mmoja jirani. Siku mtoto wa mgeni wake aliponinyooshea kidole na kuuliza kwa sauti, watu wazima wote walimziba mdomo, bibi akasema "muache aulize, ni swali zuri, muulize mwenyewe." Mtoto akaniuliza, nikamjibu, akagusa mkono wangu akaenda kucheza. Kumbe kinachonitesa sio maswali, ni ile kuzibwa mdomo, kama vile mimi ni kitu cha aibu kutajwa.

usiku_mrefu

Mimi ni ukurutu, hii wanayoita pumu ya ngozi, tangu utotoni. Nyie mnaongelea macho ya watu, mimi naongelea saa nane ya usiku. Mchana nakuwa nashughulika nasahau, ikifika usiku mwili ukipata joto la shuka muwasho unapanda, najikuna nikiwa usingizini mpaka naamka kucha zina damu na shuka lina madoa, alafu asubuhi nipo kazini macho mekundu bosi anadhani nilikuwa nakunywa. Kukosa usingizi kwa miezi kunakubadilisha tabia, unakuwa mkali, unagombeza watoto, unalia kwa kitu kidogo, na hakuna anayeunganisha kwamba hii hasira imetoka kwenye ngozi.

Na neno linalonikera kuliko yote ni "acha kujikuna." Jamani. Ningekuwa naweza kuacha si ningeshaacha? Mke wangu alikuwa analisema kila usiku, kwa upendo kabisa, mpaka nikaanza kwenda kujikunia chooni ili asinisikie. Fikiria mtu mzima anajificha chooni kujikuna.

Tukaja kukubaliana kitu. Akisikia najikuna hasemi chochote, ananipa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi na kuweka mkono wake juu ya wangu. Kuna mtaalamu alinifundisha pia kukunja ngumi na kuhesabu taratibu pale hamu inapokuja, alafu nabonyeza ile sehemu badala ya kuikwangua, kwasababu ukijikuna ngozi inachubuka, ikichubuka inawasha zaidi, unazidi kujikuna, unazunguka humo humo. Sio dawa ya kumaliza ila kunifanya nisijione mshenzi imesaidia sana. Usiku sasa hivi tuko wawili.

kimya_kimya

Nitakuwa tofauti na nyie, msinielewe vibaya. Mimi kusema kumenigharimu. Nina majipu ya kwapani na kwenye mapaja yanayojirudia, yanatoa usaha, yanaacha makovu, hidradenaitisi. Sio uchafu na haiambukizi, lakini nilipomwambia mtu mmoja ofisini niliyemwamini, ndani ya wiki ilikuwa imesambaa, kikombe changu kikawekwa peke yake na kiti changu kikawa hakikaliwi. Nilihama kazi. Tangu hapo sisemi, navaa nguo nyeusi, natembea na pamba na nguo ya akiba kwenye begi na maisha yanaenda. Huu ushauri wa "waambie watu" unaendana na wenye watu wazuri.

mkono_wazi (mleta uzi)

@kimya_kimya pole sana ndugu yangu, na sitakubishia kwasababu ulichofanyiwa ni unyama. Hudaiwi maelezo na mtu yeyote ofisini. Mimi mwenyewe kazini anajua mmoja tu, wengine wanaona nguo za mikono mirefu kwenye joto na wanajijazia wenyewe. Nilipowaza kugawa kazi sikumaanisha kutangaza, nilimaanisha watu wachache sana, hata mmoja, tena uwajaribu kwanza kwa kitu kidogo. Mwambie kitu ambacho kikivuja hakikuumizi, ukae uangalie kama kitarudi kwako kupitia mdomo mwingine. Kama kimekaa, ongeza kidogo.

Ila naomba nikuulize, nje ya ofisi yupo hata mmoja? Maana ugonjwa wako una maumivu makali, sio wa kuonekana tu, na kubeba maumivu na siri kwa pamoja ni mzigo mkubwa.

kimya_kimya

Hakuna kwa sasa. Daktari tu, na yeye anaangalia vidonda anaandika dawa naondoka.

Tabibu_wa_zamu

Nimepita kusoma nikaona niweke neno hapa, nafanya kazi kwenye kliniki ya ngozi.

@kimya_kimya hilo la daktari kuangalia vidonda na kuandika dawa lipo kweli, foleni ni ndefu na sisi tunakimbizana na muda. Lakini nakuomba usisubiri daktari akuulize habari ya moyo, anza wewe. Kuna dodoso linaitwa DLQI, lilitengenezwa Cardiff kule Wales na kuchapishwa 1994, lina maswali 10 tu kuhusu wiki moja iliyopita: kama ulikuwa na muwasho au maumivu, kama uliona aibu, kama ngozi ilikuchagulia nguo za kuvaa, kama ilikuzuia kazi au masomo, kama imeleta shida na mwenzi wako mpaka kwenye tendo la ndoa. Kila jibu lina alama 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa ni 30, na ukivuka 10 inahesabika kwamba ugonjwa umeyaathiri maisha yako sana. Naisema hii kwasababu madaktari wa ngozi wengi wanaifahamu, na alama zako zinaweza kubadilisha hata maamuzi ya tiba. Mtu mwenye baka dogo sehemu za siri anaweza kuwa na alama nyingi kuliko mwenye mabaka mgongo mzima. Kwahiyo ukiingia chumbani usiseme tu "inawasha", sema "nimeacha kwenda misibani", "silali", "sijashikwa na mke wangu muda mrefu." Hayo nayo ni dalili za kuandikwa kwenye faili.

Sonona na wasiwasi vinawapata zaidi watu wenye soriasisi, ukurutu, mbalanga na hidradenaitisi kuliko watu wasio nayo, hili linajulikana vizuri, na wala sio udhaifu wa imani wala uvivu. Kwahiyo kuomba kuonana na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili ni sehemu ya matibabu ya ngozi. Wapo wanaopenda kujua kama kichwa kinaweza kusaidia ngozi: mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 37 wa soriasisi waliokuwa wanatibiwa kwa mwanga, waliosikilizishwa kanda za kutuliza akili wakiwa ndani ya mashine walisafika haraka kuliko ambao hawakusikilizishwa. Ni utafiti mdogo, na kumbukeni wote waliendelea na tiba yao, hakuna aliyeambiwa atulie tu atapona.

Mawili ya haraka. Moja, kama unameza vidonge vya steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, na umeona tangu uanze hasira imepanda, usingizi umekata au moyo umekuwa mzito, mwambie daktari, vinaweza kufanya hivyo, ila usiviache ghafla mwenyewe. Mbili, na hili nasema bila kuzunguka: ukiona umeanza kuwaza kwamba bora ufe, au umeanza kupanga namna, hiyo ni dharura kama ya kutokwa damu. Mwambie mtu aliye karibu kwa maneno hayo hayo, usibaki peke yako, nenda hospitali usiku huohuo. Na wewe unayeambiwa usianze kuhubiri, kaa nae, ondoa vitu vya hatari, mpeleke.

mume_wa_mtu

Samahani mimi sio mgonjwa, mke wangu ndio mwenye soriasisi. Nimesoma pale mleta uzi alipoelezea mume wake nikaona niulize. Mke wangu ananizimia taa, hataki nimguse, nikimwambia wewe ni mzuri anasema namdanganya. Nimeacha kumgusa ili nisimuudhi na sasa anasema namnyanyapaa. Nifanye nini?

mkono_wazi (mleta uzi)

@mume_wa_mtu kaka asante kwa kuuliza, hapa wengi tunatamani waume zetu waulize.

Nikwambie ya upande wetu. Ukimwambia "wewe ni mzuri" siku ambayo ameamka kitanda kimejaa magamba, masikio yake yanasikia kwamba hujaona, na kama hujaona basi hauko nae pale alipo. Anza na kuona. Mwambie "leo naona mgongo umechachamaa, pole, umelalaje?" Alafu nyamaza, usikimbilie kurekebisha. Sifa itapata mahali pa kukaa baadae.

Kuhusu kumgusa, muulize mchana mkiwa mmevaa, msingoje kitandani. "Leo wapi pako sawa?" Kuna siku atasema shingoni tu, kuna siku nywele tu, kuna siku atasema hakuna, na hiyo ya hakuna ikubali bila kununa maana ukinuna mara moja hatakwambia ukweli tena. Kumbuka pia ngozi ikiwa imepasuka kuguswa kunauma kweli, sio kwamba anakukataa wewe. Na usifanye kila kumgusa kuwe ni safari ya kuelekea kwenye tendo. Mshike mkono mkiwa mnaangalia tv, basi, iishie hapo. Sisi tunatambua mkono unaodai na mkono usiodai.

Na yale magamba kwenye shuka, kung'uta wewe siku moja bila kusema kitu. Mimi yangu nilikuwa nayakung'uta alfajiri watu wakiwa wamelala. Siku nilipoamka nikakuta mwenzangu ameshakung'uta na kurudisha shuka, nilikaa kitandani nikalia kwa furaha.

Na wewe pia tafuta wa kuongea nae kaka, kumuuguza mtu miaka yote kunachosha na una haki ya kuchoka.

mama_wa_mmoja

Jamani na mimi naomba msaada. Binti yangu ana miaka 13, mbalanga imeanza mdomoni na mikononi mwaka jana. Amekuwa mtu wa kujifungia, siku za michezo anasema tumbo linauma. Nikitaka kwenda kuongea na shule anasema mama usiende utanidhalilisha. Usiku namsikia analia na mimi nalia chumbani kwangu.

Bintijua

@mama_wa_mmoja mama yangu, nimekusoma nikajiona mimi. Naomba usiende shule bila yeye kukubali. Ngozi imeshamnyang'anya uamuzi juu ya mwili wake, usimnyang'anye na huu. Kaeni wawili umuulize nani aambiwe, nani asiambiwe, na maneno yapi yatumike, yeye ndio aandike. Mimi nilikuwa na sentensi yangu moja ya kujibia, "ni rangi tu imeondoka, haiambukizi, tuendelee", niliifanyia mazoezi mpaka ikawa inatoka bila sauti kutetemeka. Asipokuwa na sentensi atajibu kwa kukimbia.

Na usilie chumbani kwako yeye akilia chumbani kwake. Gonga mlango. Mwambie unaumia na yeye, ila pia mwambie una mtu mzima mwenzio wa kuongea nae, ili asianze kukubeba wewe. Watoto wenye magonjwa haya wengi wanaficha huzuni kwa kuogopa kuwaliza mama zao, mimi nilificha miaka.

Pia kama unaweza mtafutie mtu mzima mwenye mbalanga aliye na maisha yake ya kawaida, kazi, familia, sio nyota wa mitandaoni. Tarehe 25 Juni ni siku ya vitiligo duniani, na ya soriasisi ni 29 Oktoba, vikundi vya wagonjwa vinakutana sana siku hizo, uliza kliniki ya ngozi anayotibiwa. Ila kikundi ukikikuta kinauza dawa, ondoka nae hapohapo.

kimya_kimya

@Tabibu_wa_zamu hilo dodoso nimelitafuta nikajijibia, nimepata 22. Nimekaa naiangalia hiyo namba. Nina kliniki wiki ijayo nitaenda nayo.

Tabibu_wa_zamu

@kimya_kimya iandike kwenye karatasi, uiweke mezani kwa daktari kabla hujakaa. Na ukitoka njoo utuambie hapa alisemaje, kama hajakusikiliza tutakwambia pa kuelekea.

mama_wa_mmoja

Nimerudi. Nimegonga mlango kama nilivyoambiwa, nikamuuliza nani aambiwe. Amekaa kimya muda mrefu alafu akasema mwalimu wa darasa aambiwe, rafiki yake anayekaa nae aambiwe, ila mwalimu wa michezo hapana. Nikamuuliza kwanini, akasema kwasababu yeye ndio aliyeanza kumwita jina na watoto wengine wakafuatia. Mwaka mzima sikuwa najua. Amesema naweza kwenda kwa mwalimu mkuu kama na yeye atakuwepo na kama ataongea mwenyewe kwanza. Tunaenda Jumatatu, sasa hivi anaandika atakachosema.